Gari la msaada likifika Baraka: nani atalitengeneza, nani atalitilia mazutu?

Mgonjwa akitoka Bibokoboko kuelekea hospitali ya Baraka, gari lake la kwanza ni mabega ya watu. Wanaume wanne wanabeba, wengine wanatembea pembeni wakingoja zamu, na mama mwenye uchungu amelala ndani ya kipoyi, kile kitanda cha miti na kamba ambacho huko mlimani wengi wanakiita ngobyi. Kwenye karata, Baraka si mbali. Kwa miguu ni mambo mengine: kuteremka, kuvuka mito, matope ya majira ya mvua, na kisha saa za usiku ambapo hakuna mtu anapenda kupita njiani juu ya usalama.

Ndiyo maana habari ikizunguka kwamba kuna watu fulani, mbali ao karibu, wanaotengeneza magari ya zamani na kuyatoa kwa ajili ya wagonjwa, wakaaji wa milima na wa kando ya ziwa wanatega sikio. Na wako na haki ya kutega sikio. Lakini wale waliowahi kuona magari ya msaada yakioza nyuma ya kituo cha afya, na majani yameota hadi kwenye madirisha, nao wako na haki ya kuuliza maswali. Gari la msaada linapatikana namna gani? Nani analitengeneza? Na kwa nini mengi yanakufa mapema?

Katika nchi nyingi, watu wanaopenda magari wanafanya vilabu. Wanakutana siku za mapumziko, wanafungua moteri, wanatafuta vipuri, wanabishana juu ya rangi ya kwanza ya gari la mwaka fulani. Mara kwa mara mtu anawaletea gari bure. Labda mzee amefariki na watoto hawajui la kufanya na Land Rover iliyolala kwenye banda miaka 20, ao kampuni imenunua mapya na ya zamani inataka yaondoke. Wanaklabu wanatia mikono yao bila malipo. Kisha kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuliuza gari kwa mnada ao kwa tombola, na pesa zikaenda hospitali, shule ao kituo cha mayatima. Ya pili ni kulitoa lenyewe, likaende kufanya kazi.

Wengi huku wanafikiri njia ya pili ndiyo bora, maana gari linaonekana kwa macho. Haiko hivyo kila mara. Gari zuri la kale, lile la kupigiwa picha, linaweza kuuzwa Nairobi ao Ulaya kwa pesa ambazo zingelipa mazutu, mipira na mshahara wa shofere kwa muda mrefu. Gari hilohilo likiletwa Fizi lingekwama kwenye mto wa kwanza.

Kenya ni jirani anayefaa kutazamwa. Tangu mwaka 1970 kuna mashindano ya magari na pikipiki yanayoitwa Concours d'Elegance, yanayotayarishwa na klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo na kufanyika Nairobi kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Hapo hakuna mbio za magari. Waamuzi wanainama chini ya gari na kutafuta uchafu, wanatazama moteri, viti, taa, hata sehemu ambazo mwenye gari alifikiri hakuna atakayezifikia. Gari la zaidi ya miaka 50 linaweza kushinda gari jipya kwa sababu mwenyewe amelitunza vizuri kuliko mwingine.

Mfano wa pili wa Kenya unafanana zaidi na barabara za Fizi. Ni Rhino Charge, iliyoanza mwaka 1989. Madereva wanapewa vituo 13 porini na muda wa masaa 10 kuvifikia, na anayeshinda si mwenye kasi bali mwenye kupita umbali mfupi zaidi. Hiyo inamaanisha kukata moja kwa moja kupitia mabonde na mawe, na magari mengi yanayotumika ni Land Rover na Toyota za zamani ambazo mafundi wamezijenga upya. Kila timu inapaswa kuleta michango. Pesa hizo zilipewa Rhino Ark, shirika lililozungushia milima ya Aberdare uzio wa umeme wa karibu kilometa 400, uliomalizika mwaka 2009, ili faru na msitu vilindwe na mashamba ya wakaaji yasiharibiwe na tembo. Watu waliokuwa wanacheza na magari yao matopeni wamejenga kitu kirefu kuliko barabara kutoka Bukavu hadi Fizi. Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya matajiri, na kwa sehemu ni kweli. Lakini jambo la kuangalia ni hili: walichagua kazi moja, wakaifanya miaka 20 bila kuhama.

Na kuna hadithi nyingine, ya pikipiki, ambayo kila mtu anayeomba gari la msaada angepaswa kuijua. Katika miaka ya 1980 watu wa mbio za pikipiki huko Uingereza walikuwa wanakusanya pesa kwa ajili ya watoto wa Afrika. Kati yao walikuwa mwandishi wa habari Barry Coleman, mke wake Andrea ambaye alikuwa amekimbia mbio za pikipiki, na Randy Mamola, Mmarekani mwenye jina kubwa katika mchezo huo. Coleman na Mamola walikwenda Somalia kuona pesa zinafanya nini. Walikuta pikipiki za wahudumu wa afya zimelala chini, nyingine karibu mpya. Hazikupigwa risasi wala hazikuanguka mtoni. Zilikuwa zimekosa vitu vidogo, oili, mnyororo uliokazwa, kipande cha bei ndogo, na zaidi ya yote mtu aliyefundishwa kuzitazama kila siku. Kutoka hapo likazaliwa shirika la Riders for Health, ambalo kazi yake haikuwa kugawa pikipiki. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha zile zilizopo hazisimami: shofere anafundishwa kukagua chombo chake kila asubuhi, na vipuri vinabadilishwa kabla havijavunjika, si kisha. Wamefanya hivyo Zimbabwe, Lesotho, Gambia na nchi nyingine za Afrika.

Kwa nini haraka yote hii? Mwaka 1994 watafiti wawili, Thaddeus na Maine, waliandika kwamba mama mjamzito anauawa na machelewo matatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa kisha kufika. Gari linagusa lile la pili, na kidogo lile la kwanza, maana familia ikijua hakuna namna ya kufika, inangoja nyumbani na kuomba Mungu. Kuvuja damu nyingi kisha kuzaa kunaweza kuua ndani ya masaa mawili hivi kama hakuna matibabu. Masaa mawili, kwa kipoyi kutoka mlimani, bado mko njiani.

Hapa inafaa kusema jambo ambalo halipendezi: kwa sehemu kubwa ya njia ya kwenda Bibokoboko, gari hata zuri sana halitamaliza safari. Njia nyingi za juu ni za miguu, na pale zinapopanuka ni za moto. Kwa hiyo gari la wagonjwa halifukuzi kipoyi. Linakutana nacho. Wabebaji wanateremsha mgonjwa hadi mahali barabara inapoanza, na gari linakuwa limekwisha fika pale, limegeuzwa kuelekea Baraka, moteri tayari. Ili hilo liwezekane kunahitajika simu yenye kupata rezo, mtu wa kupokea simu hata usiku, na gari ambalo linawaka mara ya kwanza.

Sasa, gari lenyewe. Lile linalofika Fizi kama msaada mara nyingi halitoki Ulaya. Ni gari ambalo shirika fulani lilikuwa nalo, mradi ukaisha, likaachiwa hospitali ao zoni ya afya. Kutoka Makobola hadi Lulimba watu wameyaona hayo: Toyota Land Cruiser nyeupe, zile ndefu zenye milango miwili nyuma. Aina hiyo, ambayo Toyota walianza kuitengeneza mwaka 1984 wakifuata ile ya zamani yenye uso wa mviringo, imependwa na mashirika kwa sababu moja: fundi anaweza kuitengeneza chini ya mti. Moteri yake inayojulikana sana huku ni ya mazutu, lita 4.2, silinda 6, haina turbo, haina kompyuta ya kumsumbua fundi.

Lakini hata moteri hiyo ina siri yake. Ndani yake kuna mkanda wa mpira, ule mafundi wanauita kurua, unaopanga saa ya valvu kufunguka na kufungwa. Kwa kawaida unapaswa kubadilishwa kila kilometa 100,000. Shirika likiondoka na kuacha gari, karatasi za matengenezo zinapotea, mita ya kilometa imekufa zamani, na hakuna anayejua mkanda una umri gani. Siku unapokatika, valvu zinapigwa na pistoni, na gari lililokuwa linakwenda vizuri asubuhi linakuwa chuma jioni. Klabu yoyote inayojua kazi yake, ikipokea Land Cruiser isiyo na historia, inabadilisha mkanda huo kwanza kabla ya kufikiria rangi.

Land Rover ni mambo mengine. Iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1948 ilivikwa bodi ya alumini, kwa hiyo bodi haishiki kutu. Wanunuzi wengi wanadanganyika hapo. Chini ya bodi hiyo nzuri kuna shasi ya chuma, na shasi inaoza kutoka ndani kwenda nje. Fundi mwenye akili hatazami milango. Analala chini na nyundo ndogo, anagonga shasi kuanzia nyuma kwenda mbele, na kusikiliza. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kama sanduku la kartoni.

Kisha kuna mlima. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita karibu 770 juu ya bahari, na sehemu za Haut-Plateau zinapita mita 2,000. Kule juu hewa ni nyepesi. Moteri isiyo na turbo inapata hewa pungufu, inakosa nguvu na kutoa moshi mweusi hata kama haina ugonjwa. Shofere asiyejua anakanyaga zaidi, mazutu yanakwisha, moteri inapata joto. Hapo radieta inaingia kwenye hadithi. Maji ya radieta hayapaswi kuchemka mapema kwa sababu kifuniko chake kinashika mgandamizo ndani. Kifuniko hicho kina springi, si kizibo tu. Mara ngapi kimepotea na mtu akaziba kwa kitambaa ao kwa gunzi la muhindi? Gari linaendelea kutembea kwenye tambarare, hakuna anayeona shida, hadi siku ya kupanda na mgonjwa ndani. Kipande cha dola chache kinaua moteri ya maelfu.

Kuteremka nako kuko na hatari yake, na pengine kubwa kuliko kupanda. Gari lililojaa linalotegemea freni pekee kwa kilometa nyingi za mteremko linachemsha freni hadi zinakataa. Shofere wa mlimani anateremka kwa vitesi vidogo, moteri ikishika gari. Hili linafundishwa, halizaliwi na mtu. Klabu zinazotoa magari bila kutoa hata siku chache za mafunzo kwa shofere zinafanya nusu ya kazi.

Na mazutu yenyewe. Kando ya barabara ya taifa namba 5 yanauzwa katika bidoni, na ndani ya bidoni mara nyingine kuna maji ao mchanga wa chini. Pampu ya mazutu haina huruma na maji. Mafundi wazuri wanaongeza filtri ya pili yenye kioo cha kuona maji yaliyotulia chini, na shofere anayatoa kila asubuhi. Ni kazi ya dakika mbili.

Wazee wa kando ya ziwa wanaijua meli Liemba. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikaletwa vipandevipande hadi Kigoma, na mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe ili isichukuliwe na adui. Mafundi waliopewa kazi ya kuizamisha walizipaka kwanza moteri zake grisi nzito. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini, ikabeba watu wa ziwa hili miaka mingi. Hao mafundi walikuwa wanaacha kazi ya mikono yao kwa mtu wasiyemjua. Shirika linaloacha gari Fizi lingeweza angalau kuacha karatasi zake.

Karatasi ni sehemu inayochosha, lakini huko ndiko misaada mingi inakwama. Gari linalotoka nje linapita bandari, kwa mfano Dar es Salaam, kisha kwa reli ao barabara hadi Kigoma na ziwa, ao kupitia Burundi hadi mpaka wa Kavimvira. Mpakani kuna ofisi ya duane, DGDA, na ofisi ya kupima mali, OCC. Gari la msaada halisamehewi kodi kwa sababu tu limeandikwa neno msaada ubavuni. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, inayohusu vyama visivyotafuta faida, inatoa nafasi ya kuomba msamaha wa kodi, lakini anayeomba ni chama chenye kutambuliwa na serikali, na ruhusa inatafutwa kabla gari halijaondoka huko linakotoka. Likifika kwanza na barua ikafuata, kila siku ya kulala mpakani inahesabiwa, na deni la kuegesha linaweza kupita bei ya gari.

Usukani pia. Kenya, Tanzania na Uingereza wanaendesha kushoto, na usukani wa magari yao uko kulia. Kongo wanaendesha kulia. Kwa gari la wagonjwa hilo si jambo dogo: shofere mwenye usukani upande wa kulia anayetaka kulipita kamyo haoni mbele mpaka gari lake liwe limetoka lote upande wa wengine. Serikali nayo imekuwa ikiweka makatazo juu ya usukani wa kulia na juu ya umri wa magari yanayoingia. Anayepanga kuleta gari aulize mpakani kwanza, na apate jibu la maandishi.

Shirika la Afya Ulimwenguni, katika maelekezo yake juu ya misaada ya dawa, liliandika kanuni moja ambayo inafaa pia kwa magari: kitu kisichokubalika kwa ubora kule kinakotoka, kisipewe mwingine. Mipira iliyokwisha huko haizaliwi upya kwa kuvuka ziwa. Na mwenye kupewa naye ako na haki ya kukataa. Hilo ni gumu kulisema mbele ya mgeni aliyeleta zawadi, na kwa desturi za huku ni kama kumkosea adabu. Lakini kituo cha afya kilichopokea magari matatu ya aina tatu, kila moja na vipuri vyake visivyoingiliana, hakijapata magari matatu. Kimepata garaji ya kujaza majani.

Nani atalilisha gari? Chukua mfano mdogo. Gari likifanya safari 8 kwa mwezi, kila safari kilometa 60 kwenda na kurudi, hizo ni kilometa 480. Land Cruiser ya aina hiyo kwenye barabara mbaya inaweza kunywa lita 18 kwa kilometa 100, hivyo lita 86 kwa mwezi. Bado oili, filtri, mipira ambayo mawe ya mlimani yanaikata, batri, shofere ambaye anakula kila siku hata siku isiyo na mgonjwa. Kama hesabu hii haikufanywa siku ya sherehe, itafanywa na mgonjwa: ataambiwa leta mazutu kwanza ndipo gari litoke. Familia nyingi zimesikia maneno hayo, na wengine wameuza mbuzi usiku.

Huku watu hawakosi ujuzi wa kukusanya pesa. Akina mama wako na likelemba, vijiji viko na AVEC zenye sanduku la kufuli tatu, na kila mtu anajua maana ya kuchanga. Sanduku la AVEC tayari lina mfuko wa msaada kwa aliyepata shida. Kuweka sehemu ndogo ya mfuko huo kwa ajili ya mazutu ya gari la wagonjwa si jambo geni. Salongo nayo ipo: shimo moja linalozibwa kabla ya mvua linaokoa springi mbili. Na vyama vya wapanda moto vya Baraka viko na kila kitu klabu ya magari inakuwa nacho: watu wanaopenda vyombo vyao, mafundi, michango, kiongozi, na heshima fulani mbele ya polisi. Kinachokosekana ni kazi moja waliyochagua pamoja.

Ng'ambo ya ziwa kuna mfano ambao unawafaa watu hao zaidi ya Rhino Charge. Tanzania wako na mpango unaoitwa m-mama, ulioanza kwa majaribio katika kanda ya Ziwa Victoria, huko Sengerema, na kisha ukaenezwa nchini kote. Mama mwenye dharura ao muuguzi anapiga namba 115 bila malipo. Anayepokea anauliza maswali, anaamua hospitali gani, na kutafuta ambulansi. Kama ambulansi haipo karibu, anaitwa dereva wa kawaida wa eneo lile, mwenye teksi ao gari lake, aliyekwisha andikishwa na kufundishwa. Akifikisha mgonjwa, analipwa kwa simu. Magari yalikuwepo tayari kijijini. Walichoongeza ni orodha, namba moja ya simu, na hakikisho kwamba anayetoka usiku hatakosa malipo yake. Malipo hayo yanatoka kwa serikali na wafadhili, na hapo ndipo Fizi ingehitaji kupata jibu lake.

Linabaki swali ambalo watu wanaliongea kwa sauti ya chini: gari ni la nani? Katika milima hii swali hilo linaweza kuua. Mwezi wa Oktoba 2021 Bibokoboko ilishambuliwa, nyumba zikachomwa, na maelfu ya watu wakateremka kukimbilia Baraka. Mwaka mmoja mbele ya hapo, mwishoni mwa 2020, Médecins Sans Frontières, waliokuwa Baraka tangu 2003, walitangaza kuondoka kutoka sehemu za Fizi kwa sababu wafanyakazi wao walishambuliwa. Gari ambalo linaonekana kuwa la kabila moja halitapita kijiji cha kabila lingine, na mgonjwa wa kabila lolote atalipia.

Sheria ya vita inalinda magari ya wagonjwa, hata katika vita vya ndani ya nchi. Lakini ulinzi huo una masharti. Gari likibeba silaha ao likisafirisha wapiganaji kwenda vitani, linapoteza ulinzi wake, na aliyelitumia hivyo amewahatarisha wagonjwa wote watakaofuata. Wengi hawajui pia kwamba alama ya msalaba mwekundu hairuhusiwi kupakwa na kila mwenye brashi. Ni ya huduma za afya zilizopewa ruhusa na ya vyama vya Msalaba Mwekundu. Klabu ikitaka gari lake litambulike, rangi nyeupe na neno AMBULANCE lililoandikwa kinyume mbele, ili lisomeke kwenye kioo cha gari linalotangulia, vinatosha.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta mfadhili, kamati inatafutwa. Babembe, Banyamulenge, Bafuliiru, Banyindu, wote wenye wagonjwa njia ile, na ndani yao muuguzi mkuu, mpanda moto, mama mmoja wa likelemba na shefu. Wanakubaliana vitu vichache kwa maandishi: nani anashika funguo, nani anaruhusu gari kutoka usiku, ni nani asiyepanda kamwe hata akiwa mkubwa, na kwamba maiti, mizigo ya biashara na arusi haviingii. Hilo la arusi watu wanacheka, lakini waulize mashofere.

Kisha daftari. Kila safari inaandikwa: tarehe, saa ya simu, saa ya kufika, kilometa, lita zilizotiwa, sauti mpya iliyosikika kwenye moteri. Klabu za Nairobi zinaandika hivyo ili gari lipate pointi mbele ya waamuzi. Mlimani linaandikwa ili fundi ajue mkanda una kilometa ngapi, ili mfadhili asiulize mara mbili, na ili mtu yeyote wa Bibokoboko ao wa Malinde akisema gari halikuja kwake, ukurasa ufunguliwe mbele yake. Kalamu inafungwa kwa kamba, maana kalamu ya gari haikai wiki mbili.